Gari la Viraka

Kicheko kilitoka chini ya gari. Mwenye kicheko hakuonekana, ila miguu yake miwili iliyovaa viatu vya sherehe, nayo haikutulia.

"Mama watoto!" sauti iliita kutoka huko chini. "Shokomzoba za lori! Wameliwekea shokomzoba za lori!"

"Hongera," alijibu mkewe. Alikuwa amekalia tairi kuukuu mlangoni mwa gereji, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mlikuwa na akiba yao ya uzeeni.

Mumewe, mtaani walimwita Mzee Spea. Miaka nenda miaka rudi aliuza vipuri katika duka jembamba ambamo wateja wawili hawakuweza kupishana bila kuombana radhi. Hakuna aliyenunua gari mtaani kabla ya kumwuliza yeye. Ungemfumba macho ukamtia nati kiganjani, angekwambia imetoka kwenye gari gani, na kama fundi aliyeifungua alikuwa na hasira. La kwake mwenyewe hakuwahi kuwa nalo. Watoto walisomeshwa, nyumba ikaezekwa, gari likabaki la maongezi.

Na sasa hili. Zamani za kale lilikuwa gari la mashindano, fupi, la milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia panya. Tangu hapo lilikuwa limefumuliwa na kushonwa upya mpaka lingekutana na pacha wake lisingesalimiwa. Mlango mmoja wa gari jingine, taa za pikipiki, kiti cha dereva cha basi. Injini waliyoliwekea ilikuwa kubwa mno, ikabidi boneti litobolewe ili ipumue. Rangi yake nyekundu, isipokuwa pale ilipokuwa ya machungwa.

Mzee Spea alitoka chini akaanza kulizunguka kama mtu aliyekuta ukoo wake wote harusini. "Huyu namjua! Na huyu! Wewe kioo, si nilikuuza mwenyewe?"

Lakini akili nayo ilikuwa na neno lake. Gari la milango miwili halibebi wajukuu. Linakunywa mafuta kama limerogwa. Likivunjika kitu, hata dukani kwake asingekipata. Na asubuhi mkewe alikwisha kutoa hukumu: "Leo ndiyo leo. Ukilichukua, lichukue kwa moyo mmoja. Ukiliacha, nisisikie tena habari za magari mezani kwangu mpaka tufukiwe."

Mwenye gari, fundi mpana aliyepakaa oili hadi viwikoni, naye alikuwa na lake. "Mzee wangu, hili simpi kila mtu. Vijana wawili nimewarudisha. Mmoja hata pampu ya mafuta hajui iko wapi! Nalitoa kwa anayejua gari tu."

"Ilikuwa chini ya kiti, ukaihamishia kwenye buti," alisema Mzee Spea. "Na umefanya vizuri."

Fundi alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Akamrushia ufunguo. "Haya, shika usukani tukalipashe."

Mzee Spea aliurudisha ufunguo kwa adabu. "Endesha wewe. Mwenye usukani hana masikio, macho yake yote yako barabarani. Mimi nataka kulisikiliza."

"Hiyo ndiyo elimu," fundi alisema, akitikisa kichwa kwa heshima. Mkewe Mzee Spea alipaliwa na kikohozi cha ghafla, akajifunika uso kwa mtandio.

Wakatoka kwa ngurumo. Kuku wa jirani walipanda ukuta.

"Gia ya tatu inanung'unika," Mzee Spea alisema.

"Umejuaje?"

"Imeniambia."

Kwenye kona upepo ulimvua kofia ukaenda nayo. "Rudi!" alipiga kelele.

"Tukaokote kofia?"

"Kofia iache! Rudi kwenye kona!"

Waliipita kona ile mara tatu, watu wazima wawili wanaocheka kama watoto waliotoroka shule.

Waliporejea, Mzee Spea alishuka. Alisimama mbele ya gari, akalitazama, akalizunguka tena. Aligusa taa. Aligusa boneti, akauondoa mkono kwa kuwa lilikuwa la moto.

"Mchagua jembe si mkulima," mkewe alisema. "Unalitaka au hulitaki?"

Aliogopa. Aliogopa kulichukua, na akaogopa zaidi kurudi nyumbani kwa miguu, azeeke akisimulia magari ya wenzake.

"Nalitaka," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Mkewe aliufungua mkoba kabla hajabadili nia. Walipeana mikono, fundi akapangusa chozi kwa mkono wenye oili na kujichora masharubu. Bibi yule akaingia upande wa abiria, akaufunga mtandio chini ya kidevu, akajiegemeza kama malkia. "Haya, dereva," alisema, mabega yakimtikisika. "Nipeleke mbali."

Fundi alifungua geti lote. Akawaita mafundi wenzake waache kazi waje wajifunze. "Tazameni vizuri," aliwaambia. "Huyo sasa ndiye mtu anayejua gari."

Mzee Spea alikaa kwenye kiti cha basi. Akarekebisha kioo. Akafuta vumbi kwenye dashibodi, akarekebisha kioo tena. Kisha akamwita fundi kwa kidole, karibu, karibu zaidi, mpaka sikio lake likaingia dirishani.

"Pedali zote hizi nimeziuza mimi," alinong'ona. "Sasa, inayoanza kukanyagwa ni ipi?"