Kuimba Kwenye Dhoruba

Mume wangu alitoka kukaza kamba za hema, theluji ikammeza. Nikabaki mlangoni nikigonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, kama tufanyavyo sisi wapishi wa mlimani, ili aliyepotea afuate mlio.

Mkono ulipochoka, nikaimba. Yeye husema sauti yangu inafukuza hata mbuzi.

“Mama Kicheko, nyamaza basi,” akajibu kutoka kwenye weupe.

Nikacheka. Kisha nikajiuliza: sauti imetokea upande gani? Kulia kuna mahema ya wapandaji. Kushoto kuna korongo.

“Hebu sema tena, mzee.”

“Nimesema unaimba vibaya.”

Kushoto.

Nikafunga kamba kwenye jiwe, ncha nyingine kiunoni.

“Usiinue hata unyayo,” nikamwambia. “Nakuja kukuimbia sikioni.”