Harufu ya Blanketi

Jikoni kwao Ganshoren, ughaibuni, Kasoki alikuwa akimsomea mama yake mpango wa shirika analofanyia kazi: bweni jipya huko Mongolia, kwa watoto wa wafugaji wanaohamahama. Maman aliitikia kila jambo huku akikata vitunguu.

"Na mtoto akifika, blanketi la nyumbani litafuliwa siku hiyohiyo."

Kisu kikasimama katikati ya kitunguu.

"Siku hiyohiyo? Batoto ba six ans, ba myaka sita tu? Apana, Kasoki. Ile bulangeti yako ya internat, mbele nikutume kule bwenini, nililala nayo semaine nzima, siku saba. Nilisema, bon, hata niko mbali, mutoto atasikia harufu yangu."

Kasoki alikumbuka beseni la bwenini kule Butembo alikosoma utotoni, maji yaliyogeuka meusi kwa moshi wa kuni, na jinsi alivyolisugua lile blanketi kwa aibu kabla wenzake hawajalinusa. Ilikuwa siku yake ya kwanza.

Akaufuta ule mstari kwenye mpango.

"Na ilikawia mu bulangeti, ile harufu?" maman akauliza, macho kwenye vitunguu.

"Mpaka Noeli, maman."