Anayekohoa Ndani ya Nyumba

"Chukua mufuko wako, maman. Leo unarudi Mumosho."

"Sirudi. Mutoto iko mugonjwa, na miye ni koko yake."

"Iko mugonjwa juu yako!"

Ghislaine aliusukuma mfuko kwa mguu hadi mlangoni. Alikuwa ameujaza mwenyewe: vikwembe vitatu vya kujifunga vya Eulalie, mama mkwe wake, rozari, na kikombe ambacho kwa wiki mbili sasa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Déborah, mwenye miaka minne, alikaa kitandani akijipapasa shingo. Matezi yalikuwa yamejipanga chini ya sikio lake kama maharagwe, na moja lilikuwa limeanza kutoa usaha. Kaka yake Bienfait alianza hivyo hivyo. Mwaka jana walimzika. Eulalie aliteremka kutoka kijijini Mumosho kwa ajili ya kilio kile, akabaki amlee mjukuu aliyesalia wakati Ghislaine anafundisha shuleni.

Muuguzi Isidore hakuwa amewaficha neno. "Hii ni kifua kikuu, na mutoto hakujiambukiza. Kuna mukubwa anakohoa ndani ya nyumba." Akachukua makohozi ya wanawake wote wawili, kwa sababu kazi inataka hivyo.

Ghislaine hakungoja majibu. Siku ile ile alimtoa mtoto kwenye kitanda cha koko yake, akaanza kulala naye kifuani pake.

"Miaka arobaini napikia kuni," Eulalie alisema sasa. "Kikohozi yangu iko ya moshi tu."

"Na Bienfait alikufa na moshi?"

Alitaka kuongeza neno, lakini vumbi la chaki la asubuhi lilimkaba koo. Akageukia dirisha hadi likatulia.

Hodi ikapigwa. Isidore alisimama nje, kitambaa puani, akakataa kiti. Alimnyooshea Ghislaine karatasi mbili. Eulalie hakujua kusoma.

"Dawa za kawaida haziwezi hii," Isidore alisema polepole. "Kitanda iko moja, kule wanakotenga wagonjwa. Ni miezi mingi, na wengi hawarudi. Siwezi kukudanganya, madame. Mugonjwa aende leo."

"Na mutoto?"

"Tutajaribu. Amechelewa."

Ghislaine alisoma karatasi ya kwanza. Akasoma ya pili. Akarudia kusoma majina.

"Wanasema nini?" Eulalie aliuliza. "Soma kwa sauti, nijue nitafia wapi."

Ghislaine alipiga magoti mlangoni, akafungua mfuko, akatoa vikwembe vya mama mkwe wake kimoja kimoja, na rozari, na kikombe. Kisha akaanza kutia nguo zake.

Déborah aliruka kutoka kitandani, akamkimbilia.

"Mushike, maman," Ghislaine alisema, kiganja mdomoni, akirudi kinyumenyume hadi nje. "Asinifikie."