Taa ya Muhire

Taa ya chemli ilikuwa inawaka sakafuni, kando ya mkeka, asubuhi kweupe. Nishimwe aliitazama, mwanawe Jean-Luc mgongoni, nywele zikamsisimka.

Alikuwa amewasili jana kutoka Bukoba kumtembelea Mukamurenzi, mke wa kaka yake, hapa Gisenyi. Mji ulimpendeza: ziwa limetulia, visiwa vimejificha kwenye ukungu, adhana na kengele za kanisa zinapokezana. Jean-Luc peke yake ndiye hakuupenda. Akiinuliwa tu, analia.

"Hiyo taa ni ya nini, wifi?"

"Ya Muhire." Mukamurenzi alishika kikapu cha soko, macho chini. "Mutoto wangu alilala hapo siku moja, hakuamuka. Hakukuwa homa, hakukuwa kidonda. Donc, usizime. Ikizimika yenyewe, beba mutoto, toka mbio. Na mulango ubakie wazi. Nikirudi nitakuelezea."

Akaondoka. Nishimwe alimwonea huruma sana. Mwaka wa pili huu, na mama wa watu bado anamwashia marehemu taa! Na si yeye tu. Jana, kwa jirani yao Rajabu, fundi cherehani, aliona nyingine sakafuni vilevile. Kumbe wa msikitini na wa kanisani wote wanamwogopa mzimu mmoja. Yeye aliyeokoka hakuwa tayari kumlaza mwanawe tena katika nyumba ya namna hiyo.

Alifunga mlango. Akamlaza Jean-Luc mkekani ili maombi yamfunike na yeye, kisha akaipuliza taa kwa jina la Yesu.

Aliomba kwa sauti, amesimama, mikono juu, mpaka jasho likamtoka. Alipoinama kumtazama mtoto, kichwa kilimzunguka na magoti yakalegea. Machozi ya furaha yakamlengalenga, maana alijua hiyo ni nguvu ya Mungu inapita. Na Jean-Luc, kwa mara ya kwanza tangu wafike, alikuwa amelala kimya kabisa.

Mara akasikia sauti ya Mukamurenzi nje, anasalimiana na Rajabu. Aibu ikamshika. Hata kama mzimu umekwisha kutoka, kumzimia mwenyeji taa ya mwanawe si adabu. Akatafuta kibiriti.

Njiti ya kwanza iliwaka vizuri kifuani pake. Alipoishusha kwenye taa, ikazimika. Ya pili ikawaka, akaishusha, ikazimika. Upepo haukuwepo. Alikuwa anawasha ya tatu mlango ulipofunguliwa.

"Nisamehe, wifi," alisema haraka. "Niliizima mimi. Sasa kibiriti hiki kibovu, kila nikikishusha..."

Kikapu kilianguka.

"Kibiriti iko muzima! Ni mazuku, ile hewa ya volkano! Inatoka mu udongo, inalala chini, inazima moto, inaua mutu! Inua mutoto!"

Nishimwe alimwinua. Jean-Luc hakulia.