Mistari Arobaini na Mmoja

Mistari arobaini na mmoja ilikuwa myekundu, na yote ilibeba jina moja: la mjomba wake.

Karani alitamani umeme ukatike. Haukukatika. Jedwali lilitandazwa ukutani, kubwa kama shuka, kikao kizima kikilikodolea macho: meneja wa mradi, wahandisi wawili, na wakandarasi wadogo sita waliogawana kazi za jengo lile la ghorofa tano. Plasta iliyobomolewa ikapigwa upya, ngazi zilizopinda, sakafu za vyoo zilizogoma kupeleka maji. Kila kazi iliyorudiwa tangu mwaka uanze ilikuwa humo, na aliyeiingiza kwenye kompyuta ni yeye.

"Wengine hapa wana mbili, tatu, au hawana kabisa," alisema meneja, mtu ambaye hajashika mwiko tangu azaliwe. "Huyu arobaini na moja! Anajenga huyu, au anabomoa?"

Wahandisi waliangua kicheko. Wakandarasi watano hawakucheka. Waliinama wakatazama viatu vyao kana kwamba ndiyo kwanza wanaviona.

Wa sita, mzee mwenyewe, alikaa karibu na mlango, kofia magotini, vumbi la saruji kwenye nyusi. Ndiye aliyemlea karani tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Ndiye aliyemfundisha kusoma timazi ya kunyoosha ukuta kabla hajajua kusoma herufi. Leo karani, ndani ya shati lake lililonyooshwa kwa pasi, alikuwa anamwonea haya. Watu walishanong'ona kwamba amepenyezwa ofisini na ndugu; asingekubali waseme tena kwamba anamfichia ndugu makosa. Hakuficha hata moja. Alijisifu moyoni kwa hilo, lakini shingo ilimchoma kama aliyekaa juani.

"Karani, soma pendekezo."

Alisoma mbiombio, macho kwenye karatasi. Mkandarasi tajwa aondolewe kwenye mradi. Afutwe kwenye orodha. Asiitwe tena.

"Mzee, una neno?"

"Swali moja tu, kwa huyu mwanangu. Majina unayanakili wapi?"

"Kwenye fomu za nyapara, mjomba. Pale chini, penye sahihi."

"Na sahihi ni yangu?"

"Zote arobaini na moja."

Mzee alimtazama kwa muda, jicho moja limefinywa, kama anayepima ukuta. Kisha akawatazama wale watano, mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua uso.

"Basi umenakili sawasawa," akasema kwa upole. Akavaa kofia, akachukua mfuko wake wa miiko, akatoka. Mlango aliufunga polepole.

Afadhali angeubamiza.

Nyapara alirudi Jumatatu. Alikuwa nyumbani wiki tatu akiuguza mguu, na hakuna aliyekuwa amemweleza lolote. Aliingia ofisini akichechemea, akabwaga fomu mezani.

"Plasta ya korido ya ghorofa ya tatu imebanduka yote! Si nilisema? Yule Chapuchapu anapaka plasta kama anapaka siagi. Haya, nijazie, mkono wangu umechoka. Juu mwandike yeye, maana ndiye aliyeharibu."

Chapuchapu alikuwa mmoja wa wale watano. Karani aliandika. Kalamu ilifika chini, penye nafasi ya sahihi, ikasita.

"Na hapa chini?"

"We mtoto una nini leo? Mwaka mzima unanakili hizi fomu na bado unaniuliza?" Nyapara alicheka, akaunyoosha mguu wake mbovu. "Chini ni anayekwenda kurekebisha. Mwandike mjomba wako kama siku zote, kisha kimbia ukamwite aje atie sahihi. Humu ndani nimwamini nani mwingine?"