Blanketi la Dirishani

Kibwana alifumbua macho jua likizama, kama mwili wake ulivyozoea tangu aanze zamu ya usiku kiwandani. Blanketi lililopigiliwa misumari dirishani lilikuwa limeziba mwanga wote. Akanyoosha mkono kitandani, akagusa godoro tupu. Ndipo akakumbuka kwamba asubuhi alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe, Tunu, ameaga dunia.

Alikuwa ameomba kujinyoosha kidogo tu, wakati wanawake wakimwosha marehemu.

Akatoka mbio, peku. Uani mikeka ilikuwa imeshakunjwa. Bi Zamda, jirani yao, alikuwa anasugua sufuria la wali wa msiba.

"Yuko wapi mke wangu?"

"Wameshamzika, mwanangu. Baada ya alasiri."

"Bila mimi? Kwa nini hamkuniamsha?"

Bi Zamda akainamisha kichwa. "Tulikuita. Shemeji zako walisimama pale mlangoni wakakuita, na mimi nikakuita."

"Mliniitaje?"

"Polepole," akasema. "Kama Tunu alivyotuzoesha."

Miaka yote ya kazi ya usiku, Tunu alishinda kwenye kizingiti kile, kidole mdomoni, akiwanyamazisha watoto, wauza samaki, hata kuku, ili mumewe alale. Mtaa mzima ulijifunza kunong'ona.

Kibwana alirudi ndani, akalishika blanketi kwa mikono miwili, akaling'oa na misumari yake. Nje giza lilikuwa limeshaingia. King'ora cha kiwanda kikalia kuita zamu ya usiku, na miguu yake, bila kumwuliza, ikaanza kutafuta viatu.