Kabla Meli Haijang'oa Nanga

Augustino alikuwa ananoa panga la tatu pale Elieshi alipoanza kujuta kwamba hakung'ang'ania kulala uwanja wa ndege.

Ndege kutoka Kilimanjaro ilikuwa imetua mchana, na meli ya kusini ingeondoka kesho yake asubuhi. Elieshi angeshuka Mafia, kwenye kazi mpya. Huko mbele ya Mafia hakuwa na haja nako. Ulikuwa usiku mmoja tu wa kusubiri. Lakini askari wa uwanjani aliwatoa abiria wote, jengo linafungwa, na gesti za mjini zilikuwa zimejaa wageni wa Sabasaba. Dereva wa teksi alimwonea huruma, akamleta Kariakoo, nyumba ya vyumba sita nyuma ya soko jipya lililokuwa bado linajengwa.

"Mama Evarista ni mtu mwema," alisema dereva. "Atakusitiri."

Na kweli, mwenye nyumba alimpokea vizuri. Alimpa maji ya kuoga, akamtandikia kitanda, akamwandalia ugali wa muhogo na kisamvu. Kisha akavuta kigoda, akakaa kumtazama anavyokula. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye macho yasiyopepesa.

"Sauti yako si ngeni masikioni mwangu, bwana."

"Labda unanifananisha."

"Umewahi kufika kusini?"

"Sijawahi."

"Sisi ni watu wa Namichunje. Mimi, huyo mdogo wangu Augustino, na jamaa utakaowaona wakiingia. Hukijui kijiji hicho. Siku hizi hakipo."

Elieshi alirudisha tonge sahanini. Akasema ameshiba.

"Na kesho safari yako ya wapi?"

"Tanga," alijibu upesi. "Kwa basi."

Jua lilipozama, jamaa walianza kuingia kwa mlango wa uani, mmoja mmoja. Huyu alikuja na majembe begani, yule na kamba mpya ya katani. Hakuna aliyecheka. Kila aliyeingia alinong'onezwa na Evarista, kisha akageuka kuuangalia mlango wa chumba cha mgeni. Elieshi aliwaona kupitia upenyo wa pazia. Mwisho akaja mzee mmoja na jora la kitambaa cheupe. Evarista akalikunjua mkekani, akashika mkasi.

"Kinamtosha mtu mzima?" aliuliza Augustino.

"Kinamtosha. Na kinabaki."

Baada ya hapo waliacha Kiswahili, wakawa wanazungumza Kimwera, kwa sauti ya chini. Kesho alfajiri, walisema. Wote. Asibaki hata mmoja. Elieshi, mtu wa Upare, alielewa kila neno.

Alitoka chumbani mpaka ukumbini, akijifanya anataka kununua sigara. Augustino alikuwa ameshatandika mkeka wake mbele ya mlango mkubwa.

"Mji huu una wezi, kaka," alisema, akasukuma komeo. "Lala. Hapa hapiti mtu."

Elieshi alijilaza na viatu vyake, mkoba kifuani. Kila aliposikia mkeka ukikwaruza ukumbini aliketi, akangoja mlango ufunguliwe. Mara moja nyayo zilikuja mpaka mlangoni pake. Zikasimama. Zikarudi.

Adhana ya alfajiri ilipolia msikitini, alimsikia Augustino akiamka na kwenda uani kunawa. Hakungoja zaidi. Alinyata mpaka mlangoni, akalivuta komeo kwa mikono miwili. Chuma kikalia.

"Bwana!" Evarista aliita kutoka uani. "Bwana, chai!"

Elieshi alikimbia. Alipita mbele ya mabati ya ujenzi wa soko, akawaruka wapagazi waliolala juu ya magunia, akavuka Mnazi Mmoja bila kutazama nyuma. Watu waliokuwa wanafagia barabara walimpisha, wakidhani amechelewa kazini. Alipofika lango la bandari pumzi zilikuwa zimemwishia, lakini nyuma yake hapakuwa na mtu.

Alikuwa miongoni mwa abiria wa kwanza kupanda. Aliteremka mpaka chini kabisa, akajibanza nyuma ya magunia ya unga, na hapo akakaa, akisikiliza nyayo za watu juu ya kichwa chake. Hakusogea mpaka honi ilipolia. Kamba zilifunguliwa. Sakafu ikaanza kutetemeka, na kupitia kidirisha cha duara aliona maji yakizidi kuwa mapana kati yake na gati.

Akacheka peke yake kama mwendawazimu. Akamshukuru Mungu. Kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi njaa, basi akapanda ngazi kutafuta chai na hewa safi.

Walikuwa wameketi juu ya mizigo yao, wote, majembe yamefungwa pamoja kwa kamba. Evarista alisogea, akamwachia nafasi mkekani.

"Karibu ukae, bwana. Mbona ulitukimbia? Tungekuja pamoja."

Elieshi aligeuka kurudi chini. Augustino alikuwa ameshasimama kwenye ngazi.

"Tunarudi Namichunje kumzika mama," alisema Evarista, kwa upole uleule wa jana. "Mwaka ule hatukupata nafasi. Sauti yako imenisumbua usiku kucha, hata nikaja mpaka mlangoni pako, nikashindwa kubisha. Sasa nimeikumbuka. Ulitusomea amri ya kuhama, Bwana Katibu Tarafa, kisha ukawasha kiberiti, na mimi nimekushika miguu nakwambia bado yumo ndani."